Madaka Matupu ya Newstead

Alhamisi

Basi la kutoka London limetumia zaidi ya saa tatu kufika Nottingham, na katika muda huo mvua imenyesha na kukatika mara nne. Binti wa kaka yangu alikuwa ananisubiri kituoni na koti la ziada mkononi, utadhani Juni ya huku ni Julai ya Lushoto. "Shikamoo shangazi. Dagaa umeleta?" Salamu na ombi kwa pumzi moja. Nimeleta. Nilikuwa nimewafunga kwa mifuko mitatu wasininukie sanduku. Wamenukia vilevile, na sasa kanga zangu zote zina harufu ya forodhani Bagamoyo alfajiri.

Yeye ni muuguzi, mwaka wa sita sasa hapa. Wiki hii ana zamu ya usiku mpaka kesho, kwa hiyo tumekubaliana kwamba Ijumaa nitazurura peke yangu. Jumamosi atakuwa huru, na hapo tutakwenda Newstead.

Niseme mapema kwa nini Newstead, maana hata kaka yangu hajanielewa mpaka leo. Nimekulia Bagamoyo, nikicheza chini ya mnara wa kanisa la kwanza la Mapadri wa Roho Mtakatifu. Sisi watoto wa Kiislamu tulikuwa tunafuata maembe ya misheni, lakini hadithi ya mnara tuliijua wote: Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa pale, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka Chitambo, ambako leo ni Zambia. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa Kiswahili, nikakutana na picha ya mwaka huohuo. Watu wetu wawili, Abdullah Susi na James Chuma, wako Uingereza, mbele yao makaratasi ya Livingstone. Maelezo ya picha yalisema imepigwa Newstead Abbey. Nikaitafuta nyumba hiyo, nikakuta kila anayeitaja anaitaja kwa jina la mtu mwingine kabisa: Lord Byron, mshairi.

Miaka thelathini nimefundisha ushairi, na maisha yangu yote nimeishi na mnara ule. Ningeachaje kuja?

Ijumaa

Nimetembea mjini mpaka magoti yamelalamika. Nottingham ulikuwa mji wa lesi, na kabla ya lesi ulikuwa mji wa soksi. Mafundi walifuma majumbani kwao kwa mashine za mbao na chuma walizokodi kwa matajiri. Mwaka 1811 ujira ulishuka, mkate ukapanda bei, matajiri wakaleta mtindo wa kazi ya haraka na rahisi, na mafundi wakaanza kuingia usiku na nyundo kuvunja mashine. Serikali ikapeleka askari, kisha ikapeleka bungeni muswada wa kumnyonga atakayevunja.

Hapa ndipo Byron anapoingia. Tarehe 27 Februari 1812, ana miaka 24, alisimama katika Bunge la Makabaila kwa mara ya kwanza kutoa hotuba, na hotuba yenyewe ilikuwa ya kuwatetea hawa wafuma soksi wa jirani zake. Alisema wamesukumwa na njaa, na kwamba kamba ya kitanzi haijawahi kumshibisha mtu. Maneno si hayo neno kwa neno, lakini hiyo ndiyo ilikuwa hoja. Muswada ukapita hata hivyo. Namjua Byron wa mapenzi na Byron wa kashfa, maana ndiye anayesimuliwa. Huyu wa Februari 1812 ndiye ningemkaribisha chai.

Swala ya Ijumaa nimeipata. Isha imekuwa kazi: mwezi huu jua la huku halina haraka, na wakati wake unaingia usiku umeshakomaa. Nimeingojea nikisinzia kwenye kochi, na binti aliporudi kazini asubuhi amenikuta nimelala na miwani usoni.

Jumamosi

Tumepanda basi la kwenda Mansfield saa tatu na nusu. Dereva ametushusha mbele ya geti la mawe lenye mwaloni mkubwa pembeni, ambao watu wa hapa huuita Mwaloni wa Mahujaji. Kutoka getini hadi kwenye nyumba ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu ndani ya miti, na binti alikuwa amevaa viatu vya kwendea harusi. Sikusema kitu. Nilisema kitu kimoja tu.

Njia imezungukwa na vichaka virefu vya maua ya zambarau. Kisha miti inafunguka, unasikia maji yakianguka kutoka ziwani, na kabla hujaona chochote unasikia tausi. Katika mashairi yetu tausi ndiye mpenzi, tausi ndiye madaha, tausi ndiye kila kitu. Hakuna mshairi hata mmoja aliyetutahadharisha kuhusu sauti yake. Analia kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni.

Halafu ukauona ukuta.

Nilikuwa nimeona picha, nikadhani najua ninachokwenda kukiona. Picha haikuambii kwamba ukuta umeshikana na nyumba ya kuishi watu, bega kwa bega. Upande mmoja una madirisha yenye vioo na mapazia. Upande wa pili ni uso mzima wa kanisa la karne ya 13, na ukipita mlangoni kwake hakuna kanisa, ni majani. Dirisha kubwa la katikati halina kioo wala nguzo za kugawa vioo, ni tundu lenye umbo la upinde uliochongoka, na ndani yake kuna wingu. Juu kabisa, pale ambapo hakuna ngazi ingefika, Bikira Maria amekaa na mtoto wake, mzima, kama mtu aliyesahauliwa ghorofani siku nyumba ilipohamwa.

Hii haikuwahi kuwa abasia, ingawa jina lake linasema hivyo. Haikuwahi kuwa na abate. Mfalme Henry wa Pili aliianzisha karibu mwaka 1170 kwa ajili ya wakanoni wa Mtakatifu Augustino, chini ya mkuu aitwaye priori, katikati ya msitu wa Sherwood. Kwa Kilatini waliiita "mahali papya", na hilo ndilo Newstead. Papya pakachakaa kwa karne tatu na nusu, hadi Henry mwingine, wa Nane, alipofunga nyumba zote za watawa nchini. Hii ilifungwa 1539. Mwaka uliofuata Sir John Byron, mkubwa wa jirani, akainunua kwa pauni 810. Akaona vyumba vya watawa vinafaa kuishi, akaingia humo, na kanisa akaliacha lipukutike. Alibakiza ukuta wa mbele kwa sababu gani? Mwongozaji wetu, mama mtu mzima mwenye fimbo, alisema kila anayemwuliza ana jibu lake mwenyewe, na hupenda kuyasikiliza. Langu: mtu hubomoa nyumba ya Mungu kwa nyuma, kwa mbele anaona haya.

Nilichokitazama zaidi ni madaka. Sijui kama nina haki ya kuyaita hivyo. Ni vile vijumba vidogo vilivyochongwa ukutani, ambamo zamani zilisimama sanamu za watakatifu. Yako matupu. Byron ameyaeleza katika utenzi wake mrefu wa Don Juan, akasema watakatifu kumi na wawili walikuwepo wakaanguka vitani, na kwamba katika lile dirisha tupu upepo huvuma na bundi ndiye anayeimba pale ilipokuwa kwaya. Basi nilisimama pale kwenye majani ya Uingereza nikasikia Pate. Al-Inkishafi, utenzi wetu wa magofu ya Pate, nimeifundisha sijui mara ngapi: madaka yaliyopangwa sahani za Kichina, sasa wamelala makinda ya ndege, na bumu analia ndani ya nyumba. Tungo hizi mbili hazikupishana miaka mingi. Mtu wa Pwani na mtu wa Nottinghamshire, hakuna aliyemjua mwenzake, kila mmoja anatazama nyumba ya wakubwa waliopita na kila mmoja anamwona ndege yuleyule. Tofauti ni kwamba wetu alikuwa anaionya nafsi yake. Byron alikuwa anaieleza nyumba yake mwenyewe, na kidogo, nadhani, alikuwa anaionea fahari.

Maana aliipenda kwa kuwa gofu. Aliirithi mwaka 1798 akiwa na miaka 10, kijana kiguru aliyelelewa Aberdeen na mama asiye na fedha. Alimrithi babu yake mdogo, Byron wa tano, ambaye alimuua jirani na jamaa yake kwa upanga katika hoteli moja ya London mwaka 1765, kisha akarudi hapa akakata mialoni, akaua paa wa msituni, na kujenga vingome kando ya ziwa ili achezeshe vita vya majahazi. Vingome vipo bado. Binti alidhani ni vyoo.

Mshairi mwenyewe alihamia hasa mwaka 1808. Vyumba vichache tu ndivyo vilikuwa na paa la kuaminika. Akavipamba hivyo, na ukumbi mkubwa akaugeuza uwanja wa kupigia bastola. Rafiki yake mmoja aliyekuja mwaka uliofuata aliandika tahadhari kwa wageni: ukipanda ngazi za mlangoni ukiegemea kulia utakamatwa na dubu, ukiegemea kushoto utamkuta mbwamwitu. Usiku walivaa majoho ya watawa na kunywa mvinyo kwa fuvu. Fuvu la kweli: mtunza bustani alilifukua, Byron akasema lazima ni la mtawa mmojawapo, akalipeleka kwa sonara lifungwe fedha. Akalitungia na shairi. Wenye nyumba waliofuata walilizika tena, Mungu awalipe.

Tuliingia ndani. Kuna ua mdogo wa mraba uliozungukwa na baraza za kuezekwa, ambamo watawa walikuwa wanazunguka wakisali, na katikati yake chemchemi ya mawe yenye wanyama wasio na majina. Ukumbi wao wa mikutano sasa ni kanisa dogo lililopakwa rangi kila inchi. Kitanda cha Byron kipo, na vitaji vya dhahabu juu ya nguzo zake. Ni kidogo. Binti alikipima kwa macho akasema hata yeye miguu ingening'inia.

Halafu mbwa. Tulimkuta nje, kwenye majani nyuma ya ukuta. Boatswain, mbwa mkubwa wa aina ya Newfoundland, alikufa kwa kichaa cha mbwa Novemba 1808, na Byron alimuuguza kwa mikono mitupu mpaka mwisho. Akamjengea kaburi la ngazi, na jiwe refu lenye chungu cha mawe juu yake, mahali alipoamini palikuwa na altare kuu ya kanisa. Maandishi yanasema huyu alikuwa na uzuri bila majivuno, nguvu bila ufidhuli, ushujaa bila ukatili, na wema wote wa binadamu bila maovu yake. Byron aliandika katika wosia wa 1811 azikwe humo pamoja naye, na mtumishi wake mzee Joe Murray awe upande wa pili. Inasemekana nyumba ilipouzwa Joe alisema yeye peke yake na mbwa, hapana.

Nikampigia picha nikamtumia kaka. Akajibu kwa neno moja na alama ya kuuliza: "Mbwa?"

Tulikaa kwenye benchi tukala sambusa za jana. Kutoka pale unaona mnara mpana kwenye kona ya nyumba, na ule ndio niliokuja kwa ajili yake.

Byron aliandamwa na madeni, na mwishoni mwa 1817 nyumba ikauzwa kwa Thomas Wildman, mwenzake wa shule, kwa pauni 94,500. Kanali Wildman aliikarabati yote, akajenga na mnara huo akauita Sussex. Fedha yake ilitoka Jamaica, kwenye mashamba ya miwa, kwa migongo ya watumwa. Baada ya kifo chake ikanunuliwa mwaka 1861 na William Frederick Webb, mwindaji aliyewahi kuugua kusini mwa Afrika na kuuguzwa na Livingstone. Hivyo Livingstone aliporudi kutoka Zambezi, Webb akamkaribisha, na kuanzia Septemba 1864 hadi Aprili 1865 akakaa katika mnara huo na binti yake Agnes, akiandika kitabu cha safari ile, kitabu kinachopigia kelele biashara ya watumwa. Chini ya paa lililoezekwa kwa sukari ya Jamaica. Sisemi alijua. Nasema mimi nilikaa kwenye benchi nikijua.

Wakati huo Chuma na Susi walikuwa Bombay. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyenaswa na wafanya biashara ya watumwa na kufunguliwa kamba mwaka 1861 katika nyanda za Shire, Malawi ya leo. Susi alikuwa wa Shupanga, mtu wa Zambezi, aliyeajiriwa kwenye mashua. Walikuwa na Livingstone kutoka 1866 hadi asubuhi ile ya mwanzoni mwa Mei 1873 walipomkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Nilivyofundishwa shuleni, "watumishi waaminifu wakaubeba mwili." Sentensi moja. Ndani ya sentensi hiyo mna watu wapatao sitini, wanaume na wanawake, akiwemo Halima, mpishi. Walitoa moyo na matumbo, wakazika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Walitia chumvi, wakakausha mwili kwa jua siku kumi na nne, wakaufunga kwa kaniki na gome la mti na turubai. Tabora wakakutana na Waingereza waliowashauri wamzike palepale. Wakakataa. Huko mbele vijiji havikutaka maiti ipite, wakaufungasha upya kama mtumba wa nguo, wakatengeneza na maiti ya bandia ili ionekane imerudishwa. Bagamoyo walifika baada ya miezi tisa. Jina la mji wetu watu husema ni "bwaga moyo", na mzigo waliobwaga pale moyo ulikuwa umeshabaki nyuma.

Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha. Nauli ililipwa na James Young, rafiki wa marehemu. Walihitajiwa kwa kazi. Horace Waller, kasisi aliyewajua tangu Shire, alikuwa anahariri madaftari ya mwisho ya Livingstone, na madaftari yalikuwa hayasomeki vizuri: wakati fulani mzee aliishiwa karatasi akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini. Tena yanakoma tarehe 27 Aprili 1873. Siku za mwisho kabisa hazina mwandiko wa Livingstone. Sehemu kubwa ya kinachojulikana duniani kuhusu kifo kile ilitoka vinywani mwa hawa, hapa Newstead na nyumbani kwa Waller kule Twywell, wakiulizwa na kuulizwa tena mto ulikuwa upi, siku ilikuwa ipi, alisema nini.

Na alisema nini? Kitabu kilipotoka mwisho wa 1874, katikati ya Kiingereza chote kile mna Kiswahili. Usiku wa mwisho Livingstone anamwuliza Susi: "Siku ngapi kuenda Luapula?" Na Susi anajibu. Waller aliandika alivyosikia, "Na zani zikutatu, Bwana." Nadhani siku tatu.

Mimi ni mwalimu, nilitaka kusahihisha tahajia. Halafu nikafikiria kwamba ni mwaka ule katika nyumba kama hizi mtu alikaa kwenye kiti cha kizungu akasema maneno haya kwa sauti yake, polepole, ili mwenzake ayapate, na kalamu ikayafukuza ikayakosa kidogo. "Zikutatu" ndiyo kelele ya mdomo wa Susi iliyobaki.

Nikatoa simu nikamwonyesha binti picha. Waller yupo, Agnes yupo, na kaka yake Tom, na wale wawili. Aliikuza kwa vidole mpaka uso wa Susi ukajaa kioo. Alikaa nayo muda. Kisha akasema, "Shangazi, huyu anafanana na watu wa ukoo wa mama." Kila mtu hufanana na ukoo wa mama yake.

Nikamwuliza yule mama wa fimbo kama anawajua. Akasema anawajua, akatamka majina vizuri, akaniuliza Luapula iko wapi. Tukachora ramani nyuma ya tiketi yangu. Sikutegemea hilo, na nimemwandika hapa kwa sababu nilikuwa nimekuja na maneno makali tayari mdomoni, nikarudi nayo.

Bado. Jiwe la mbwa ni refu kuniliko.

Miguu ya binti imetoka malengelenge. Nimeyapaka Vaseline.

Jumapili

Hucknall kwa tramu, kama nusu saa. Mji wa wachimba makaa wa zamani, una soko na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, na Byron yumo.

Alikufa Missolonghi, Ugiriki, tarehe 19 Aprili 1824, ana miaka 36, alikokwenda kusaidia Wagiriki kupigana na Waturuki. Homa ndiyo iliyomuua, na madaktari waliomtoa damu bila kupumzika. Walipasua mwili, sehemu ya viungo ikabaki Missolonghi kwa maombi ya watu wa pale, na mwili ukaja kwa meli. Westminster Abbey wakakataa kumpokea kwa tabia zake. Wakubwa wa London walituma magari yao ya farasi yafuate jeneza, matupu, mapazia yameshushwa. Watu wa kawaida walijaa njiani. Akaletwa hapa Julai, kwenye kaburi la ukoo, kilomita chache kutoka kwenye ule ukuta.

Nilipiga hesabu kwenye tramu na bado nimeishika. Livingstone alizikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874: kesho yake ilikuwa miaka hamsini kamili tangu Byron afe. Wote wawili waliishi nyumba moja, wote wawili wamekufa mbali, wote wawili walipasuliwa, kipande kikabaki ugenini na kingine kikapanda meli. Mmoja alifunguliwa mlango uleule aliofungiwa mwenzake. Bamba la Byron liliingia Westminster mwaka 1969.

Kanisani Hucknall kuna jiwe la marumaru sakafuni, zawadi ya mfalme wa Ugiriki, na chini yake pamoja naye yupo binti yake, Ada Lovelace. Mama yake alimchukua akaondoka naye akiwa na mwezi mmoja, na baba hakumwona tena. Alikua akapenda hesabu, akaandika maelezo ya mashine ya kukokotoa kabla dunia haijajua kompyuta ni nini. Alikufa mwaka 1852, naye ana miaka 36, akaomba alazwe hapa kando ya mtu asiyemjua. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa amechoka na wanaume wa jana, alisimama juu ya jiwe hili kuliko mahali popote. Aliniuliza kama Ada aliwahi kuingia Newstead. Aliingia, mtu mzima tayari, na Wildman ndiye aliyempokea.

Jioni ugali na dagaa. Kapika yeye, kazidisha pilipili. Jirani wa ghorofa ya juu kagonga kuuliza kama kuna kitu kinaungua.

Jumatatu

Siku ya mwisho, Southwell, kwa sababu ya tai.

Watawa wa Newstead walipojua wanafungwa, walichukua kisimamio chao cha shaba cha kusomea Biblia, tai aliyefungua mabawa, wakamtupa ziwani asichukuliwe na watu wa mfalme. Akakaa majini zaidi ya miaka mia mbili. Alipovuliwa, enzi za yule Byron wa upanga, akafunguliwa akakutwa ana karatasi za watawa tumboni. Akauzwa, na tangu 1805 yuko katika kanisa kuu la Southwell, ndiye anayesomewa.

Nilitegemea kitu cha makumbusho, nyuma ya kioo. Yuko wazi, anang'aa, na siku hii Biblia ilikuwa imefunguliwa mgongoni mwake na kipande cha karatasi kimewekwa kuonyesha msomaji wa Jumapili aishie wapi. Nikamtazama tumboni. Chuma hakuandika, Susi hakuandika, nao walisafirisha.

Basi la kurudi lilichelewa. Tukakaa kituoni na chipsi za siki, ambazo binti anazipenda na mimi sijui kwa nini. Simu ikalia, sauti ya kaka, nyuma yake nasikia watoto na mpira. Alikuwa amekwenda mpaka misheni kunipigia picha ya mnara, mchana wa jua kali, yeye ambaye haendi hata sokoni. Akaniuliza ule wa huko ni mrefu kuliko huu? Akauliza binti yake anakula vizuri? Akauliza, mbona unakawia, siku ngapi mpaka ufike nyumbani?

Nikamwambia nadhani siku tatu. Nikacheka, na binti akawa ananiuliza nacheka nini, na basi likaja kabla sijamjibu.